Wasomaji Wanauliza: Karoli Lwanga, Msimamizi wa Vijana

Kila mwezi wa Juni unapokaribia, safu hii hupokea barua kuhusu Mashahidi wa Uganda, yaani Wakristo waliouawa kwa amri ya mfalme wa Buganda, na safari hii nyingi zimemlenga mtu mmoja, Mtakatifu Karoli Lwanga. Nimechagua chache ambazo maswali yake yanategemeana, nikazifupisha, na kuzipanga kwa mfuatano ambao hata msomaji asiyeijua historia hii ataweza kuufuata.

*Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ambayo msimamizi wake ni Mtakatifu Karoli Lwanga. Kila mwaka tunasali novena yake, lakini nikiwauliza watoto, na hata wazee, alikuwa nani, jibu ni moja tu: alichomwa moto. Je, kabla ya moto huo hakuwa na maisha?*
*Mama wa jumuiya, Bukoba*

Milele amina, mama. Maisha alikuwa nayo, na kwa maoni yangu ni maisha hayo, hasa miezi yake sita na nusu ya mwisho, yanayoeleza kwa nini Kanisa lilimkabidhi vijana. Kifo chake kilithibitisha jambo ambalo wavulana wa ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, walikuwa wamekwisha kuliona kwa macho yao.

Lwanga alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1860, katika ukoo wa Ngabi. Akiwa kijana alitumikia katika nyumba ya Mawulungungu, chifu mmoja wa eneo la Ssingo, na mwaka 1884 aliingia katika ikulu ya Kabaka. Inafaa tuelewe maana ya hatua hiyo. Katika Buganda ya wakati ule familia na machifu walipeleka wavulana wao wenye akili na sura nzuri kuwa watumishi wa Kabaka, na utumishi huo ndio uliokuwa mlango wa kila cheo: aliyependwa aliweza siku moja kupewa uchifu, na aliyekasirikiwa aliweza kukatwa kiungo au kuuawa bila kuulizwa swali la pili. Ikulu ilikuwa na mamia ya vijana wa namna hiyo, wengine wakiwa bado watoto. Lwanga alikuwa na nguvu, inasimuliwa kuwa alikuwa hodari wa mieleka, na kwa sababu hiyo pamoja na utulivu wake hakukaa muda mrefu kabla ya kupewa kundi la vijana wa kuwasimamia.

Wakati huo dini za kigeni zilikuwa zimekwisha kuingia ikuluni. Uislamu ulikuwa wa kwanza, ukiletwa na wafanyabiashara kutoka pwani. Wamisionari Waanglikana walifika mwaka 1877, na Wamisionari wa Afrika, ambao wengi tunawaita Mapadre Weupe, walifika mwaka 1879, pale Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans waliposhuka kwenye ufuko wa Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari. Njia yao ilikuwa ileile ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi kusini mwa Ziwa Viktoria, na mafundisho ya kwanza yalitolewa kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili, kwa kuwa watu wa ikulu walikuwa wamekwisha kuizoea lugha hiyo kwa wageni wa pwani.

Sasa nakuomba, mama, uwasisitizie wanajumuiya wako jambo moja ambalo vitabu vyetu vidogo vya sala hulipita haraka. Mwezi wa Novemba 1882 mapadre waliondoka Buganda kwa sababu za usalama, wakavuka ziwa na kukaa upande wa Usukuma, ambako baadaye kilijengwa kituo cha Bukumbi, na hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre, hawakuwa na Misa wala kitubio. Waliobaki na kazi ni walei, waamini wasio mapadre: Yosefu Mukasa Balikuddembe ndani ya ikulu, Andrea Kaggwa aliyekuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, Matia Mulumba na Luka Banabakintu huko Ssingo. Mapadre waliporudi walikuta idadi ya wanaojifunza imeongezeka badala ya kupungua. Lwanga aliingia ikuluni katika kipindi hicho cha ukame wa mapadre, kwa hiyo mwalimu wake wa kila siku pale ikuluni alikuwa Mukasa, Muganda mwenzake, mtumishi mwenzake.

Mukasa alikuwa mtu wa karibu sana na Kabaka, mwenye ruhusa ya kuingia katika vyumba vyake, na aliitumia nafasi hiyo kuwalinda wavulana. Kabaka Mwanga alikuwa akiwataka baadhi yao kimwili, na waliojifunza dini walikuwa wakikataa. Mukasa aliwaonya waziwazi, akawaondoa njiani kila alipoweza, na alipothubutu kumlaumu Kabaka kwa mambo mengine pia, alilipa kwa uhai wake: alikatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885, na mwili wake ukachomwa. Siku hiyohiyo Lwanga, ambaye alikuwa bado mkatekumeni, yaani anayejiandaa kwa ubatizo, alikwenda misheni pamoja na wenzake kuomba ubatizo. Kwa kanuni za Mapadre Weupe mafunzo ya ukatekumeni yalitakiwa kuchukua miaka minne, lakini mapadre walijua vijana hao huenda wasiwe na miaka minne, wala miezi minne. Wakambatiza.

Kuanzia hapo kazi ya Mukasa ikawa yake. Alikuwa na umri wa miaka kama 25, ana majuma machache tangu abatizwe, na chini yake alikuwa na wavulana kama Kizito, mwenye miaka ipatayo 14. Aliwafundisha usiku, aliwatia moyo, na alijitahidi kuwaweka mbali na Kabaka nyakati ambazo alijua hatari ilikuwa karibu, akijua vizuri kabisa kilichompata mtangulizi wake kwa kazi hiyohiyo. Ukiwaambia watoto wa jumuiya kwamba msimamizi wao alikuwa kaka mkubwa wa wavulana waliokuwa hatarini, hutakuwa umepamba hadithi.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shule ya sekondari. Mwalimu wetu wa historia anasema mashahidi waliuawa kwa sababu za kisiasa, lakini kanisani tunaambiwa waliuawa kwa sababu ya imani na usafi wa moyo. Ni nani mwenye ukweli? Na je, Mwanga alikuwa mtu mbaya tu?*
*Mwanafunzi, Kisumu*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako na katekista wako wanaweza wote kuwa na ukweli, ila kila mmoja ameshika upande wake.

Mwanga alirithi kiti mwezi wa Oktoba 1884 baada ya kifo cha baba yake, Mutesa wa Kwanza, akiwa hajatimiza miaka 20. Mutesa alikuwa mzee wa hila, aliyejua kuwachezesha Waarabu, Waingereza na Wafaransa bila kumpa yeyote ushindi. Mwanaye hakuwa na uzoefu huo, na alirithi ufalme wakati mbaya kuliko wote, kwa maana katika miezi hiyohiyo mataifa ya Ulaya yalikuwa Berlin yakikubaliana kuhusu Afrika, na mwaka 1885 Wajerumani walianza kudai ardhi za Bara nyuma ya pwani ya Zanzibar. Habari hizo zilifika Mengo, penye ikulu ya Kabaka, kwa misafara. Tena kulikuwa na imani ya zamani kwamba watakaouangamiza ufalme wa Buganda wangetokea mashariki, kwa njia ya Busoga. Askofu Mwanglikana James Hannington alichagua njia hiyohiyo, kupitia nchi ambayo leo ni Kenya na kupita Mumias, si mbali na unakosoma wewe, akauawa Busoga kwa amri ya Mwanga tarehe 29 Oktoba 1885. Mukasa Balikuddembe alimwambia Kabaka kwamba kuua mgeni namna ile halikuwa jambo la haki. Majuma mawili baadaye Mukasa naye aliuawa. Ilichangia pia kwamba siku hizo Kabaka alikuwa amepewa na Padre Lourdel kidonge cha dawa, akajisikia vibaya zaidi, na Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka, aliyemchukia Mukasa, akapata cha kusema dhidi yake.

Huo ndio upande wa siasa, na ni mzito. Hata hivyo siasa peke yake haielezi kwa nini walengwa wakuu wawe watumishi wa ikulu, wengine wakiwa watoto ambao hawangeweza kumpindua mtu yeyote. Katika ikulu ile amri ya Kabaka haikuwa na mpaka, na mwili wa mtumishi ulikuwa mali yake kama mkuki wake ulivyokuwa mali yake. Wavulana waliojifunza dini walianza kusema kwamba kuna amri moja iliyo juu ya hiyo, wakakataa waliyotakiwa kimwili, na wakaendelea kusali hata walipokatazwa. Kwa mtawala mwenye hofu kukataliwa namna hiyo na watumishi wake wa karibu kulikuwa uasi, na kwa wavulana wale kulikuwa utii wa imani. Ni tendo moja lililotazamwa kutoka pande mbili, ndiyo maana mimi siafiki vitabu vinavyochagua upande mmoja na kuufuta mwingine.

Kuhusu Mwanga mwenyewe, soma maisha yake hadi mwisho. Mwaka 1888 alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa, na waliompokea na kumpa hifadhi ni Mapadre Weupe wa Bukumbi, wale wale ambao vijana wao alikuwa amewachoma miaka miwili tu nyuma. Baadaye alirudi katika kiti, akaja kupigana na Waingereza, akakamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, na kupelekwa uhamishoni Shelisheli. Huko alibatizwa katika Kanisa la Anglikana kwa jina la Danieri, akafariki mwaka 1903. Mtu wa namna hiyo hafai kuchorwa kwa rangi moja.

*Mwalimu, Tumsifu Yesu Kristo. Katika maigizo yetu ya tarehe 3 Juni huwa ninaigiza kama Lwanga, na kila kikundi kina maneno yake ya mwisho. Tunajuaje kilichotokea kweli? Nani alikuwepo akaandika?*
*Kijana wa kwaya, Mwanza*

Milele amina, kijana. Umefanya vizuri kuuliza, maana maigizo yetu yamekwisha kumwekea Lwanga hotuba ambazo hata askofu asingezitoa akiwa kwenye kiti chake, sembuse mtu aliyefungwa kamba.

Mashahidi wa habari hii ni wa aina mbili. Wapo wamisionari, hasa Lourdel, aliyefika Munyonyo, alikokuwa Kabaka, siku ya hukumu akijaribu kuwaombea vijana, akazuiwa kuonana na Kabaka, na akawaona wakipitishwa mbele yake wamefungwa. Na wapo vijana waliohukumiwa pamoja na Lwanga, wakapelekwa pamoja naye hadi Namugongo, mahali pa kuuawa, kisha dakika za mwisho wakaachwa hai: Denis Kamyuka, Simeoni Sebuta na Karoli Werabe. Hao waliona, wakasikia, wakaishi, na miaka mingi baadaye wakatoa ushahidi ulioandikwa wakati Kanisa lilipochunguza habari za wenzao. Kwa hiyo mengi tunayoyajua yametoka kwa watu waliokuwa ndani ya foleni ile ya kifo, jambo ambalo ni la nadra katika historia za mashahidi wa kale.

Mambo yalikwenda hivi. Ikulu ya Mengo ilikuwa imeungua mwezi wa Februari 1886, na Kabaka alikuwa amehamia Munyonyo, kando ya ziwa. Tarehe 25 Mei alirudi kutoka kuwinda viboko bila kupata kitu, akakuta watumishi hawapo. Alipouliza aliambiwa kwamba Mwafu, mtoto wa Katikiro, alikuwa akifundishwa dini na Denis Ssebuggwawo. Kabaka alimchoma Ssebuggwawo kwa mkuki, na kijana huyo akauawa. Malango yakafungwa ili mtu asitoke. Usiku ule Lwanga aliwakusanya wavulana wake, na wale ambao hawakuwa wamebatizwa, Kizito akiwa miongoni mwao, akawabatiza yeye mwenyewe. Kama kikundi chenu kina nafasi ya onyesho moja tu la kuongeza, ningewashauri kuongeza hilo. Mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa miezi sita tu iliyopita anachukua maji gizani na kuwabatiza watoto ambao kesho yake watahukumiwa pamoja naye.

Asubuhi ya tarehe 26 waliitwa mbele ya Kabaka na kuamriwa wajitenge: wanaosali upande mmoja, wasiosali upande mwingine. Lwanga akatangulia kwenda upande wa wanaosali, na wengine wakamfuata. Ushahidi unasema kwamba Lwanga alikuwa amemwahidi Kizito kumshika mkono saa itakapofika.

Safari ya kwenda Namugongo ilikuwa ya kifo kabla ya kifo chenyewe, kwa sababu baadhi waliuawa njiani: Ponsiano Ngondwe, Athanasio Bazzekuketta, Gonzaga Gonza. Andrea Kaggwa aliuawa Munyonyo siku ileile ya hukumu. Matia Mulumba alikatwa viungo na kuachwa mahali panapoitwa leo Old Kampala, akakata roho baada ya siku kadhaa. Waliofika Namugongo walikaa chini ya ulinzi kwa juma zima huku kuni zikikusanywa. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa na jamaa yake ndani ya kundi lile, Mbaga Tuzinde, na alimsihi sana aikane dini ili apone. Mbaga alikataa, na Mukajanga akaagiza apigwe shingoni hadi afe kwanza, asionje moto akiwa hai.

Tarehe 3 Juni 1886, Sikukuu ya Kupaa Bwana, Lwanga alitengwa na wenzake kabla hawajafika penye kuni kubwa, akachomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Waliobaki walizungushiwa mikeka ya matete na kuchomwa pamoja. Kuhusu maneno yake, mapokeo yanasema kwamba alimwambia mchomaji wake kuwa moto ule ni kama maji anayommwagia, akamsihi atubu, na mwishoni akatamka neno moja la Kiganda la kumwita Mungu. Hayo yanatosha kwa jukwaa lolote. Hotuba ndefu iacheni.

*Bwana asifiwe, mpendwa Mwalimu. Mimi ni Mwanglikana. Mbona nikisoma magazeti ya Kikatoliki naona mashahidi 22, ilhali kwetu tunawakumbuka na wengine? Je, hao wetu si watakatifu?*
*Msomaji, Dodoma*

Amina, ndugu yangu. Idadi ya 22 ni ya Wakatoliki waliotangazwa na Kanisa lao, na kwa kawaida huhesabiwa Waanglikana 23 pamoja nao, jumla 45. Hata wa kwanza kabisa kumwaga damu kwa ajili ya Kristo katika Buganda walikuwa wa Kanisa lenu: Makko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga, waliouawa Busega tarehe 31 Januari 1885, karibu miezi kumi kabla ya Mukasa Balikuddembe. Na tarehe 3 Juni 1886 wavulana wa madhehebu yote mawili waliwekwa kwenye kuni zilezile. Wauaji hawakuwa na haja ya kuuliza ni nani kabatizwa na nani.

Utaratibu wa kutangaza watakatifu ni wa Kanisa Katoliki na huwahusu waamini wake, ndiyo maana orodha ni mbili. Hata hivyo Papa Paulo wa Sita, alipowatangaza mashahidi Wakatoliki kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea, aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Ukienda Namugongo utakuta mahali pa hija pa Wakatoliki na mahali pa Waanglikana, mwendo mfupi kati yake, na siku ya tarehe 3 Juni pote panafurika. Nashauri upite pote pawili.

*Assalamu alaykum. Nimesikia kuwa kabla ya Wakristo hao waliuawa Waislamu palepale Buganda. Ni kweli, au ni maneno ya mitaani?*
*Msomaji, Ujiji*

Wa alaykumu salaam, ndugu msomaji. Ni kweli. Mwaka 1876, chini ya Mutesa, vijana Waislamu wengi wa ikulu waliuawa. Mutesa alikuwa amefuata desturi nyingi za Kiislamu, akasalisha na kufunga, lakini hakutahiriwa. Vijana waliofundishwa vizuri zaidi wakaanza kukataa kusali nyuma yake na kula nyama iliyochinjwa kwa amri yake. Aliona kwamba wamemdharau, na akawaua. Hoja ni ileile tuliyoiona katika jibu la mwanafunzi wa Kisumu: mtumishi amesema kuna amri iliyo juu ya amri ya Kabaka. Wanaoandika kuhusu Lwanga wangefanya haki kuanza na hao, kwa sababu wazee wa ikulu ya Mwanga walikuwa wamekwisha kuona adhabu ya namna hiyo miaka kumi nyuma, na hakuna aliyeweza kusema hakujua mwisho wake unavyokuwa.

*Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mlezi wa vijana parokiani. Naomba ufafanuzi wa mambo matatu. Ni nani aliyemweka Lwanga kuwa msimamizi wa vijana? Je, msichana anayejiandaa kwa Kipaimara anaweza kumchukua Lwanga kuwa somo wake? Na parokia yetu, ambayo inaitwa kwa jina lake, ifanye nini tarehe 3 Juni ikiangukia Jumapili?*
*Mlezi wa vijana, Dar es Salaam*

Milele amina, ndugu mlezi. Lwanga na wenzake walitangazwa wenye heri na Papa Benedikto wa 15 tarehe 6 Juni 1920, na mwaka 1934 Papa Pius wa 11 alimweka Lwanga kuwa msimamizi wa vijana wa Afrika katika kazi za utume wa walei. Utaona kwamba usimamizi huo ulitangulia utakatifu wake rasmi kwa miaka 30. Utaona pia kwamba haukugawiwa kwa Kizito, ambaye alikuwa kijana zaidi na anayependwa zaidi katika nyimbo. Kizito amebaki mlinzi wa watoto, na ni vyema. Lwanga alipewa vijana, pamoja na ninyi mnaowalea, kwa sababu alikuwa mlezi. Mimi huwa nasikitika kidogo ninapoona semina za walezi zikifunguliwa na kufungwa kwa sala ya Lwanga, na katikati hasemwi neno hata moja kuhusu namna mtu mzima anavyopaswa kumkinga mtoto dhidi ya mkubwa mwenye mamlaka anayetaka kumdhulumu kimwili. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Lwanga, wala haikuwa kazi ya maneno. Alisimama katikati ya mtoto na mtu aliyeweza kumuua.

Kuhusu matunda yake, huna haja ya kwenda mbali, kwa kuwa seminari kuu ya Segerea iliyo jijini mwenu imewekwa chini ya jina lake, na vizazi vya mapadre wa Tanzania vimesoma teolojia hapo. Uganda kuna shirika zima la mabruda wanaoitwa Bannakaroli, ambao kazi yao kubwa ni elimu ya vijana. Papa Paulo wa Sita alikwenda Uganda mwaka 1969, akiwa papa wa kwanza aliye madarakani kukanyaga ardhi ya Afrika kusini mwa Sahara, na basilika ya Namugongo ilifunguliwa tarehe 3 Juni 1975. Imejengwa kwa umbo la msonge wa Kiganda, na altare yake iko mahali ambapo kwa mapokeo Lwanga alichomewa. Papa Yohane Paulo wa Pili alifika huko mwaka 1993, na Papa Fransisko mwaka 2015. Mahujaji hutoka Uganda yote, Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, na wengi wao huja kwa miguu, wakitembea kwa siku nyingi. Ukiwapeleka vijana wako, wapitishe Munyonyo pia, kwani mahali pa hukumu panafundisha kuliko mahali pa majivu, na pana mahujaji wachache, hivyo mtapata nafasi ya kusali kwa utulivu.

Msichana anaweza kumchukua Lwanga kuwa somo wake bila shida yoyote. Mtu huchagua somo kwa sababu ya maisha anayotaka kuyaiga na maombezi anayoyahitaji, na hakuna kanuni inayomtaka mwanamke achague mwanamke. Kwenye daftari la Kipaimara jina litaandikwa kama paroko atakavyoelekeza, Karoli au Karolina.

Kuhusu Jumapili, lazima tutofautishe. Katika kalenda ya Kanisa zima, Watakatifu Karoli Lwanga na wenzake wana kumbukumbu, na kumbukumbu ikiangukia Jumapili huachwa kwa mwaka huo. Lakini kwa parokia ambayo Lwanga ndiye msimamizi wa kanisa lake, siku yake ni sherehe, daraja la juu kabisa, na sherehe hiyo inaweza kuadhimishwa hata Jumapili ya kawaida ya mwaka. Ila Jumapili hiyo ikiwa ni Pentekoste, Utatu Mtakatifu au Mwili na Damu ya Kristo, ambazo mara nyingi huangukia karibu na tarehe hizo, sherehe ya msimamizi itahamishiwa siku nyingine. Muulizeni paroko mapema, mwezi wa Aprili au hata kabla ya hapo, kabla ya kwaya kuchagua nyimbo na kamati kuagiza chakula.